Iningi 159: bajeti ya mkono iliyoandikwa bila Oktoba

## Kisa chenyewe na mipaka yake

Kisa hiki ni cha kweli. Kilitokea katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na kiini chake ni msimu wa 2012. Jina la mchezaji, la klabu, la mji na la viongozi nimeyaondoa. Humu wataitwa Mrushaji, Klabu, Mkurugenzi (huyu ndiye anayesajili na kupanga mustakabali wa kikosi) na Kocha. Miaka na tarakimu nimeziacha kama zilivyo, maana ukizifuta hizo kinachobaki ni stori ya kijiweni. Wanaoufuatilia mchezo watawatambua mapema tu, na si neno.

Kwa kawaida kisa hiki hujadiliwa kwa swali moja: walifanya vyema au vibaya kumpumzisha mchezaji wao bora wakati timu inaelekea kwenye mtoano? Mabishano hayo yameendelea miaka mingi, na kwa maoni yangu swali lenyewe linachelewa kuulizwa. Uamuzi uliotangazwa Septemba ulikuwa umeshafanywa Machi, kabla mpira wa kwanza wa msimu haujarushwa, na aliyeushika mkono wa mfanya uamuzi ni utabiri.

## Kwa asiyejua besiboli

Mechi ina iningi 9. Katika kila iningi timu moja hupiga mpaka watu wake watatu watoke auti, kisha inapokea nyingine. Anayeanzisha kila kitu ni mrushaji. Anasimama mita 18 na ushei kutoka kwa mpigaji, anarusha, na mpigaji akiandikiwa straiki tatu (mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha) anakwenda kukaa. Mrushaji anayeanza mechi hurusha mipira kama 90 au 100, kisha hupumzika siku nne na kurudi ya tano. Ligi ina mechi 162 kwa miezi sita, karibu kila siku ya Mungu, halafu Oktoba timu chache zilizofanya vizuri huingia mtoano.

Sasa kiwiko. Upande wake wa ndani kuna ligamenti fupi inayoushikanisha mfupa wa mkono wa juu na wa chini. Ifikirie kama ule mpira wa tyubu tunaofungia mzigo kwenye keria ya baiskeli. Ukiuvuta kupita kiasi haukatiki siku hiyohiyo. Unatoa nyuzi kidogo, unalegea, halafu asubuhi moja, kwa mzigo wa kawaida kabisa, unaachia. Mpira unaorushwa kwa kilomita 160 kwa saa unaivuta ligamenti hiyo karibu na mwisho wa uwezo wake, kila mara.

Hadi 1974, ikikatika ilikuwa kwaheri. Mwaka huo daktari Frank Jobe wa Los Angeles alichukua ukano kutoka mkono mmoja wa mrushaji Tommy John, akaupitisha kwenye matundu aliyoyatoboa katika mifupa ya kiwiko cha pili, akaufunga. Mgonjwa alirudi uwanjani 1976 na kushinda mechi 164 zaidi kabla ya kustaafu. Upasuaji huo leo unaitwa kwa jina la mgonjwa. Daktari aliyeubuni wanamkumbuka wachache. Kupona huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na ligamenti mpya nayo inaweza kukatika.

## Usuli: mkono wa dola milioni 15

Mwaka 2009 Klabu ilikuwa mkiani mwa ligi. Kwa kuwa huko, enzi hizo, mnyonge ndiye aliyepewa zamu ya kwanza ya kuchagua vijana wapya, ikamchukua Mrushaji kutoka chuo kikuu. Mkataba wake ulizidi dola milioni 15, fedha ambayo hakuna kijana mpya aliyewahi kupewa kabla yake.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Juni 2010, akiwa na miaka 21. Alirusha iningi 7, akawatoa wapigaji 14 kwa straiki, na hakumpa hata mmoja nafasi ya kutembea bure (mrushaji akikosea mipira minne, mpigaji hupewa kituo cha kwanza kati ya vinne vya kuzunguka ili kupata pointi). Mji ambao ulizoea kufungwa ukapata sababu ya kununua tiketi.

Agosti mwaka huohuo, ugenini, katika iningi ya 5, alirusha mpira wa polepole, ule wa kumhadaa mpigaji anayesubiri wa kasi. Mkono ulipomaliza mzunguko wake alikunja uso na kuutikisa, kama mtu aliyepigwa shoti ya umeme. Mhudumu wa tiba akatoka, wakazungumza kidogo, akatolewa. Picha zilionyesha ligamenti imekatika, na mwanzoni mwa Septemba alikuwa kwenye meza ya upasuaji. Ikumbukwe kwamba walikuwa wakimhesabia tangu mwanzo. Ukijumlisha ligi ndogo na ligi kuu, mwaka ule hakufikisha hata iningi 125. Uangalifu haukumwokoa.

Alirudi Septemba 2011, akarusha iningi 24 za kujaribia mkono.

Klabu ilikuwa na mwalimu wa karibu zaidi kuliko kitabu chochote: mrushaji mwenzake, kijana pia, aliyefanyiwa upasuaji uleule Agosti 2009. Msimu wa 2011, wa kwanza kamili tangu apone, walimwachia iningi 161 na theluthi moja, wakamsimamisha mwishoni mwa Agosti. Hakuna aliyelalamika. Timu ilikuwa katikati ya msimamo, haina pa kwenda. Ndiyo maana mpango ule ulionekana mwepesi.

## Machi 2012: utabiri na bajeti

Msimu wa 2011 Klabu ilishinda mechi 80 na kupoteza 81. Ilisajili vizuri wakati wa baridi, na watabiri walikiri kwamba inapanda. Lakini kundi lake lilikuwa na mwenyewe: timu iliyolitwaa miaka mitano mfululizo, na iliyokuwa imetoka kushinda mechi 102. Watabiri wengi waliiweka Klabu chini ya timu hiyo. Mwaka wake, ilisemekana, ni 2013.

Katika hali hiyo Mkurugenzi akaamua kwamba Mrushaji ataanza tangu siku ya kwanza, atafuata zamu yake kama mwingine yeyote, na bajeti ikiisha atasimama. Hakutaja namba hadharani. Magazeti yalijijazia yenyewe 160, wakikumbuka yule mwenzake.

Njia nyingine zilikuwapo, na zilifahamika.

Ya kwanza ni kumchelewesha, aanze Mei au Juni. Ya pili, kumrukisha zamu mara kwa mara. Ya tatu, kumtumia kwanza kama mrushaji wa akiba anayeingia iningi za mwisho, kisha kumpandisha katikati ya msimu. Ya nne, ambayo wengi waliokuwa wakipiga kelele waliitaka bila kuitamka, ni kuitupa bajeti na kumwacha arushe.

Mkurugenzi alizikataa zote kwa hoja ya mwendo: mkono unaopona unataka ratiba isiyoyumba, na kusimama-simama na kuanza upya kuna hatari yake. Hoja hiyo si ya kupuuza. Mrushaji wa akiba hupasha mwili ghafla, pengine siku mbili mfululizo, pengine anapasha halafu haingizwi. Kwa kiwiko chenye ligamenti ya miezi 18 hayo si mapumziko.

Ila tazama kilichomo ndani ya mpango huo. Bajeti ya iningi 160, mwanzo mwezi wa Aprili, zamu bila kuruka: ukipiga hesabu unaishia wiki ya kwanza au ya pili ya Septemba. Mpango mzima unaenea katika mechi 162 na zaidi ya hapo hauoni kitu. Waliuandika watu ambao, hata kama hawakusema, waliamini kile ambacho kila mtabiri aliamini, kwamba Oktoba hiyo watakuwa nyumbani wakitazama runinga.

## Msimu ulivyokwenda

Mrushaji alianza mechi ya kwanza kabisa, tarehe 5 Aprili, akatoa iningi 7 na kuruhusu pointi moja. Klabu ikaanza kushinda na haikusimama. Yule mwenye kundi alianguka kutoka ushindi wa 102 hadi 81 kwa 81, na watabiri wakabaki na karatasi zao.

Kufikia Agosti mjadala ulikuwa umehama kurasa za michezo. Waliowahi kucheza walisema mchezaji mkubwa huzaliwa Oktoba. Waganga wa mifupa waliulizwa namba, na waaminifu miongoni mwao wakasema namba hiyo haipo. Mrushaji mwenyewe alitaka kucheza. Mkurugenzi alirudia jibu lilelile kila wiki, na lazima tumpe haki yake: hakumsukumia daktari mzigo, hakujificha nyuma ya mmiliki.

Wakati huohuo, Atlanta, kulikuwa na jaribio lililofanana na hili kama pacha. Kris Medlen alikuwa amefanyiwa upasuaji uleule Agosti 2010. Timu yake ilimwanzisha 2012 kwenye akiba, ikampa mechi ya kuanza mwishoni mwa Julai, na tangu hapo haikupoteza hata moja kati ya mechi alizoanza hadi ligi ikaisha. Alimaliza na iningi 138 na mkono wenye akiba ya mtoano. Wapinzani wa Mkurugenzi walimtumia Medlen kama fimbo. Tutarudi kwake.

Tarehe 7 Septemba Mrushaji alitoka baada ya iningi 3 tu, ameruhusu pointi 5. Alikuwa amebakiziwa mechi moja. Kesho yake Kocha akatangaza kwamba hata hiyo imefutwa; akili ya kijana, alisema, imechoka na kelele kuliko mkono. Mrushaji hakuficha kwamba hakuridhika. Hesabu yake ya msimu ilifungwa hapo: mechi 28, iningi 159 na theluthi moja, wapigaji 197 waliotolewa kwa straiki, ushindi 15 kwa vipigo 6.

Klabu iliendelea bila yeye na kumaliza na ushindi 98, kuliko timu yoyote ya ligi kuu mwaka ule.

## Oktoba

Raundi ya kwanza ilikuwa ya mechi tano. Klabu ilishinda ya kwanza 3 kwa 2. Ikapigwa ya pili 12 kwa 4, na ya tatu 8 kwa 0. Ya nne ilishinda 2 kwa 1 iningi ya mwisho. Mrushaji aliyeianza hiyo ya nne, mtu wa nne katika foleni ambaye hakuna aliyemtaja Agosti, alitoa iningi 6 safi.

Mechi ya tano, nyumbani, tarehe 12 Oktoba. Baada ya iningi 3 Klabu inaongoza 6 kwa 0. Taratibu wageni wakachimba. Iningi ya 9 ilianza ikiwa 7 kwa 5, na akaingizwa mrushaji wa kumalizia, yule ambaye kazi yake ni auti tatu za mwisho. Alipata mbili. Kwa wapigaji wawili mfululizo alifika straiki mbili. Straiki moja tu, wachezaji wenzake wangekuwa wanamiminiana mvinyo. Mmoja akatembea bure, na wa pili vilevile. Aliyefuata akapiga, ikawa 7 kwa 7. Aliyemfuata akapiga tena, 9 kwa 7. Msimu ukaishia hapo.

Mrushaji alikuwa amekaa benchi na jaketi.

## Kilichofuata

Mwaka 2013 watabiri waliikumbatia Klabu. Karibu kila orodha iliiweka miongoni mwa timu mbili tatu za juu, na Kocha mwenyewe alitamka kwamba ni ubingwa au hakuna. Ilishinda mechi 86 na haikufika mtoano. Mrushaji alitoa iningi 183.

Mwaka 2014 Mrushaji alitoa iningi 215 na kuwatoa wapigaji 242 kwa straiki, bila kiwiko kumsumbua. Klabu ilirudi Oktoba mwaka huo, kisha 2016, kisha 2017. Mara zote tatu ilitoka raundi ya kwanza. Mwaka 2015, ikiwa imesajili mrushaji ghali kuliko wote sokoni na ikipewa nafasi kubwa kupita timu yoyote ya kundi lake, ilishinda 83 na kubaki nyumbani.

Kisha 2019. Nyota wake wa kupiga alikuwa ameondoka kwa mkataba mnono kwingine. Baada ya mechi 50 Klabu ilikuwa na ushindi 19 na vipigo 31, na watu walikuwa wanamtafutia mrithi kocha wa wakati huo (hakuwa yule wa 2012). Oktoba ikachukua ubingwa wa ligi kuu, wa kwanza katika historia yake. Mrushaji alirusha iningi 209 katika ligi na 36 na theluthi moja katika mtoano. Alishinda mechi tano, hakupoteza, akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Jumla, iningi 245 na theluthi. Wiki chache baadaye alisaini mkataba wa miaka saba wa dola milioni 245. Tarakimu kufanana ni bahati tu, lakini inachoma.

Baada ya kusaini alianza mechi 8. Katika misimu mitatu, 2020 hadi 2022, alitoa iningi 31 na theluthi moja. Kwanza mishipa ya fahamu ya kiganja, kisha tatizo kubwa zaidi kati ya shingo na bega ambako mishipa hubanwa, na upasuaji wake. Alistaafu 2024. Ligamenti ya kiwiko, ile iliyolindwa 2012, haikukatika tena.

## Uchambuzi: mkono

Wanaomtetea Mkurugenzi hunyoosha kidole kwenye 2014 na 2019 wakasema, unaona? Wanaompinga hunyoosha kwenye zile mechi 8. Hakuna upande uliothibitisha chochote. Mkono mmoja hauna kundi la kulinganishia. Hatujui Mrushaji wa 2014 angekuwaje kama angetoa iningi 185 mwaka 2012.

Turudi kwa Medlen. Njia yake ndiyo iliyosifiwa. Alipata mechi yake ya mtoano Oktoba 2012, akapoteza. Mwaka 2013 alitoa iningi 197. Machi 2014 alirudi meza ya upasuaji, kiwiko kilekile. Je, hiyo inathibitisha kwamba njia ya Atlanta ilikuwa mbaya? Hapana, kama ambavyo Mrushaji hathibitishi kwamba ya Klabu ilikuwa nzuri. Lakini yule aliyemtumia Medlen kama fimbo Septemba 2012 alistahili kuiweka chini kimya kimya.

Mfano wa upande wa pili ni Mark Prior wa Chicago. Mwaka 2003, aliotimiza miaka 23, alitoa iningi 211 na theluthi moja kabla ya mtoano, na mwezi wa mwisho walikuwa wakimwacha avuke mipira 120 katika mechi moja baada ya nyingine. Hakuwahi tena kuwa yule. Mechi yake ya mwisho ya ligi kuu ilikuwa 2006. Mwaka 2012 kivuli cha Prior kilikuwa ndani ya kila ofisi ya besiboli, na nadhani kilimwogopesha Mkurugenzi kuliko takwimu yoyote.

Kilichofanya kazi, kwa kadiri inavyoweza kusemwa: mtu mmoja alibeba uamuzi na kuusimamia. Mchezaji hakuachiwa ajiamulie akiwa na miaka 24 na uwanja mzima unamwimbia. Ukiwahi kumwona kijana anacheza na enka iliyovimba kwa sababu kocha amesema "wewe ndiye unajua mwili wako", utajua kwa nini hili ninaliweka mbele.

Kilichoharibika ni kipimo. Iningi ni chombo butu. Kuna iningi ya mipira 8, wapigaji watatu wamekwisha. Kuna iningi ya mipira 32, watu wamejaa kila kituo, mkono unavutwa kwa nguvu zote. Katika kitabu cha bajeti zote mbili ni moja. Kuhesabu mipira ni afadhali, na watoto walikuwa wanafanya hivyo tayari: ligi ya watoto ya Little League ilikuwa imeweka ukomo wa mipira tangu 2007. Agosti hiyohiyo ya 2012, wakati Marekani nzima inabishana kuhusu mkono wa milionea, vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa Williamsport, Pennsylvania, timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali za dunia za watoto. Wakashinda mechi moja, 3 kwa 2 dhidi ya timu ya Oregon. Mrushaji wao wa miaka 12 alikuwa analindwa na sheria iliyoandikwa: mipira 85, basi. Mkubwa wa miaka 24 alilindwa na namba ambayo haikuwahi hata kutangazwa.

Wahenga wanasema akiba haiozi. Mkono haujui methali hiyo. Iningi ambazo hukurusha leo hazikai benki zikisubiri 2013. Unachonunua kwa kupumzika ni kupunguza uwezekano wa kuumia, kwa kiasi ambacho hakuna aliyekipima vizuri. Ilikuwapo kanuni maarufu kwamba kijana asiongezewe zaidi ya iningi 30 kwa mwaka mmoja. Waliokuja kuipima kwa data pana hawakuiona nguvu iliyodaiwa. Bei ya kupumzika kwa Klabu ilijulikana kabisa: Oktoba moja, bila mrushaji wake bora. Walilipa bei inayojulikana ili wapate faida isiyojulikana. Inaweza kuwa sawa kufanya hivyo, ila iwe wazi kwenye karatasi.

## Uchambuzi: utabiri

Watu hucheka utabiri wa kabla ya msimu, na mwaka 2012 na 2013 uliwapa sababu. Mimi sicheki sana.

Chukua timu ambayo uwezo wake wa kweli unaujua kama Mungu anavyoujua: itashinda nusu ya mechi zake. Ichezeshe mechi 162. Bahati peke yake, mpira uliogonga jiwe, upepo, refa, itaisogeza mechi 6 hivi juu au chini katika msimu wa kawaida, na takriban msimu mmoja kati ya mitatu utavuka hapo. Yaani mtabiri asiyekosea kitu bado ataonekana amekosea. Anayeandika 88 anamaanisha mahali fulani kati ya 80 na 96, lakini gazeti haliwezi kuchapa kichwa cha habari cha namna hiyo.

Bill James, mchambuzi wa Kansas, alitoa hesabu rahisi ya kuona kama timu ilibahatika: chukua pointi ilizofunga, zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa jumla ya hizo na pointi ilizofungwa zilizozidishwa kwa zenyewe. Klabu 2012: ilifunga 731, ikafungwa 594. Inatoka asilimia 60, sawa na ushindi 98. Na 98 ndio ilioupata. Kwa hiyo ushindi wenyewe haukuwa wa kubahatisha kwa mtindo wa kushinda mechi za pointi moja moja. Mwaka 2013: ilifunga 656, ikafungwa 626. Inatoka 85, ilipata 86.

Bahati ilijificha ngazi moja chini, ndani ya miili na misimu ya wachezaji. Mwaka 2012 wapigaji kadhaa walikuwa na mwaka bora wa maisha yao kwa pamoja, na warushaji watano wa mwanzo karibu wote walikuwa wazima. Watabiri wa 2013 waliusoma mwaka ule kama sakafu wakati ulikuwa karibu na dari. Chicago ya Prior ilipitia hilohilo: 2004 ilipewa nafasi kubwa, ikashinda 89, ikakosa mtoano.

Na hapa mikono na utabiri vinakutana. Hoja nzito ya Mkurugenzi, ukiondoa ya afya, ilikuwa kwamba kikosi hiki ni kichanga na kitafika Oktoba tena na tena. Huo ni utabiri, na kwa maneno ulitimia: kilifika 2014, 2016, 2017. Lakini kufika ni tikiti tu, na raundi ya mechi tano iko karibu na kurusha sarafu kuliko mashabiki wanavyopenda kukubali. Mwenye nafasi ya asilimia 15 ya ubingwa leo, akiiacha kwa sababu anatarajia nafasi kama hiyo mara nne mbele, anapaswa kujua kwamba mara nne za asilimia 15 kwa 15 zinaweza kwisha mikono mitupu karibu nusu ya wakati. (Asilimia 15 ni ya mfano, nimeichagua mimi.)

## Hesabu ambayo ingefanywa Machi

Wakosoaji wa Septemba walisema: wangemwanzisha mwezi mmoja baadaye tu. Hebu tuihesabu. Mechi 28 zilichukua kutoka tarehe 5 Aprili hadi 7 Septemba. Sogeza mwanzo hadi 5 Mei, mwisho unaangukia 7 Oktoba. Hiyo ndiyo tarehe ya mechi ya kwanza ya Klabu katika mtoano. Angefika mlangoni mkoba ukiwa mtupu.

Ili abakiwe na iningi 25 za Oktoba, ligi ingepaswa kumwachia 135 hivi. Kwa wastani wake wa iningi 5.7 kwa mechi, hizo ni mechi 24 badala ya zile 33 za mrushaji asiyebanwa: kuruka zamu moja katika kila nne, kuanzia Aprili, kwa timu iliyotabiriwa kushika nafasi ya pili au ya tatu, kocha akieleza kila wiki mbili kwa nini mchezaji anayeuza tiketi amekaa. Hebu jione wewe unalipeleka hilo kwa mmiliki mwezi wa Machi.

Ndiyo maana simlaumu sana kwa Septemba. Ninachokikosa katika kumbukumbu zote za kisa hiki ni safu ya pili ya karatasi, ile ya "tukiongoza kundi tarehe 1 Juni". Tarehe hiyo Mrushaji alikuwa bado na zaidi ya nusu ya bajeti mkononi. Zamu tatu nne zingeweza kurukwa kiangazi bila kuuyumbisha mwendo aliokuwa akiulinda Mkurugenzi, na katika ile mechi ya tano kungekuwa na mtu wa kusimama iningi ya 6 au ya 7 mkono ukiwa mzima. Mwenye kundi alikuwa ameshaanza kuanguka, na msimamo wa ligi ulikuwa unaonekana kwa kila anayesoma gazeti.